Kiunga Kisichorithiwa: Tarikhi ya Bustani za Leipzig

Upande wa magharibi wa mji wa Leipzig, katika nchi ya Ujerumani, lipo jengo lililojengwa mwaka 1896 kuwa nyumba ya mikutano ya chama cha wenye bustani, na karibu nalo uwanja wa nyasi wa watoto kuchezea, na kandokando viunga vidogo vidogo, kila kimoja na ugo wake mfupi, lango lake, kibanda chake cha mbao, mtufaha wake mmoja au miwili, na matuta ya mboga ambayo mwenyewe huyapalilia jioni atokapo kazini. Mgeni apitaye njiani hudhani kuwa hizo ni milki za watu, walizorithi kwa baba zao au walizonunua kwa fedha zao. Kumbe miongoni mwa wote walimao pale hakuna amilikiye hata shubiri moja ya ardhi ile. Wote ni wapangaji, wote ni wanachama, na kila mmoja amekishika kiunga chake kama mtu ashikavyo amana, mpaka siku atakapokirudisha ili apewe mwingine. Taasisi hiyo imekwisha kutimiza zaidi ya miaka 160. Imepita katika vita vikuu viwili, katika njaa, katika udhalimu wa dola moja na kuanguka kwa nyingine, na mfano wake umeenea Ujerumani nzima, ambako viunga vya namna hii hukaribia 900,000. Yafaa basi tarikhi yake isimuliwe kwa utaratibu, kwani ndani yake mna jambo ambalo kwa maoni yangu halijapewa haki yake na wasimuliaji: kwamba kilichozihifadhi bustani hizi ni ile desturi ya watu kugawana ardhi na kugawana pamoja nayo dhima ya kuitunza, na kwamba desturi hiyo ilizaliwa baada ya jaribio la kwanza, lililokuwa na nia njema sana, kushindwa kabisa.

Kwa Kijerumani bustani hizi huitwa Schrebergärten, na mwenye jina hilo ni tabibu Daniel Gottlob Moritz Schreber, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1808 na kufariki huko huko mwaka 1861. Alikuwa bingwa wa kutibu viungo vilivyopinda, akaongoza hospitali ya watoto wenye maradhi hayo, akashiriki kuasisi chama cha mazoezi ya mwili mwaka 1845, na mwaka 1855 akatoa kitabu cha mazoezi ya kufanywa chumbani ambacho kilisomwa sana. Kabla ya kufa kwake aliandika katika jarida la Die Gartenlaube, lililokuwa likichapishwa mjini humo, akieleza kwamba watoto wa mjini wanadhoofika kwa kukosa mahali pa kukimbia na kucheza. Hayo ndiyo aliyoyafanya, na ukweli wapasa kusemwa: tabibu Schreber hakuasisi bustani yoyote, hakugawa kiunga hata kimoja, wala hakuna tuta lililolimwa kwa amri yake. Fauka ya hayo, malezi aliyoyasifu yalikuwa makali mno, kwani alibuni mikanda na vyuma vya kumlazimisha mtoto akae wima mezani, na wako walioyahusisha malezi hayo na masaibu ya mwanawe Daniel Paul, aliyekuwa hakimu mkubwa, akapatwa na maradhi ya akili, akayaandika yaliyompata katika kitabu cha mwaka 1903 ambacho Sigmund Freud alikichambua. Nayataja haya kwa staha kwa marehemu, lakini sikubali yafichwe, maana bustani zenye heshima yake zimekuwa njema kuliko mafundisho yake.

Jina lake lilifikaje basi katika lango la bustani? Aliyelitia huko ni Ernst Innozenz Hauschild, mkuu wa shule mjini Leipzig, aliyezaliwa mwaka ule ule mmoja na Schreber. Mnamo 1864 Hauschild aliwakusanya walimu na wazazi waunde chama cha kushauriana juu ya malezi, akaona kwamba kukiita chama cha shule au chama cha elimu kungewatisha watu na kuwachosha kabla hawajaingia, akachagua kukiita kwa jina la tabibu aliyefariki miaka mitatu nyuma, kuwa ni ukumbusho wake. Hapo ndipo pa kuangalia hali ya mji wenyewe. Leipzig wa siku zile ulikuwa na watu wapatao 80,000. Kufika mwaka 1900, kwa wingi wa waliokuja kutafuta kazi na kwa vijiji vilivyounganishwa nao, ulikuwa umevuka 450,000. Viwanda vilijengwa, reli zikapitishwa, majumba ya ghorofa yakapandishwa ukuta kwa ukuta, na mahali palipokuwa na konde na mabonde ya mto pakawa mitaa. Mtoto wa fundi au wa karani alizaliwa ghorofani, akacheza katika ua uliofungwa pande zote nne, akakua bila kujua kiazi hukaa juu ya mti au chini ya udongo. Chama kikaomba ardhi, na tarehe 25 Mei 1865, ukingoni mwa bustani iitwayo Johannapark, ukafunguliwa uwanja wa kwanza ulioitwa Schreberplatz. Ulikuwa uwanja wa michezo mtupu, nyasi na nafasi, bila jembe wala mbegu. Mwaka uliofuata Hauschild naye akafariki, asione mti hata mmoja ukipandwa.

Hivyo watu wawili ambao majina yao hutajwa kwanza katika tarikhi hii walikwisha kuzikwa kabla bustani haijakuwapo. Wa tatu ndiye ninayemwona kuwa mwenye haki ya kukumbukwa na kila mtu ashikaye jembe pale, naye ni Heinrich Karl Gesell, mwalimu aliyestaafu, mzee wa karibu miaka 70, aliyekuwa akiwasimamia watoto uwanjani. Mwaka 1868 Gesell aliona kwamba kucheza peke yake hakumtoshi mtoto. Akatenga kando ya uwanja matuta madogo, akawagawia watoto, kila mmoja na lake, wapande maua na mboga, wajifunze kazi na maumbile kwa mikono yao. Wazo lilikuwa zuri, na bila shaka siku za mwanzo zilikuwa za furaha, kwa kuwa hakuna asiyejua jinsi mtoto apendavyo kuzika mbegu na kuifukua kesho yake kutazama kama imeota. Lakini bustani haifuati furaha ya siku moja. Mbegu yataka maji siku ambayo mtoto anataka mpira. Magugu huota mvua inyeshapo na jua liwakapo, hayajui likizo wala mtihani. Na baada ya muda si mrefu watoto wakachoka, matuta yakamezwa na magugu, na lile jaribio likawa karibu limekufa.

Hapa ndipo tarikhi ilipogeuka, tena bila tangazo wala hotuba. Wazazi waliokuwa wakija kuwachukua watoto wao waliliona tuta la mtoto wao limeoza, wakainama kung'oa jani moja na la pili, wakarudi kesho na jembe, na keshokutwa na mche wa kabichi. Mama akamwagilia, baba akasimamisha miti ya kutambalia maharage, na kidogo kidogo yale yaliyoitwa matuta ya watoto yakaitwa matuta ya jamaa. Kisha, kwa kuwa kila jamaa iliona yake, wakayawekea ugo, wakajenga vibanda vya kujikinga na mvua na kuhifadhi zana, na kufika mwaka 1870 viunga vya namna hiyo vilikuwa kama 100. Wengine hulieleza jambo hili kwa masikitiko kidogo, kana kwamba wakubwa waliwanyang'anya watoto kilicho chao. Nami nasema kinyume. Tuta la mtoto lilikuwa somo alilopewa na mwalimu, na somo huachwa kengele iliapo. Kiunga cha jamaa kilikuwa chakula chao, pumziko lao, na jina lao mbele ya jirani aliyeko upande wa pili wa ugo. Zaidi ya yote, wazazi hao walilazimika kupatana. Maji ya kisima yatachotwa kwa zamu gani? Ili mti wa huyu usitie kivuli katika mboga za yule, umbali wake uwe upi? Njia ya katikati atafagia nani? Maswali hayo hayakuwahi kuulizwa na tabibu, wala mkuu wa shule, wala mwalimu Gesell. Yaliulizwa na watu waliokuwa na udongo kuchani, nao wakayajibu kwa kuandika kanuni, kuchagua wasimamizi, na kukubaliana juu ya ijara. Chama cha malezi kikawa chama cha bustani.

Uwanja ule wa kwanza haukudumu, kwa kuwa mji uliihitaji ardhi, na mwaka 1876 chama kikahamia mahali kilipo hadi leo. Hilo lilikuwa onyo la mapema la maradhi ambayo yangeisumbua taasisi hii daima, yaani kwamba bustani ya mpangaji katikati ya mji unaokua haina usalama ila ule inaopewa na sheria. Walakini kuhama hakukuwavunja moyo. Miche iling'olewa ikapandwa upya, na vyama vingine vikaiga, hata kufika mwaka 1891 Leipzig ilikuwa na vyama 14 zaidi vya jina hilo hilo. Watoto nao hawakusahauliwa kamwe, kwani kila chama kiliacha uwanja wa michezo katikati ya viunga vyake, na wakati wa likizo ya kiangazi watoto wa maskini, ambao wazazi wao hawakuwa na kiunga, waliletwa wacheze chini ya uangalizi na wapewe maziwa na mkate.

Si haki kudai kwamba kila kiunga cha Ujerumani asili yake ni Leipzig. Huko Kappeln, kaskazini, viunga vya kuwasaidia maskini viligawanywa tangu 1814. Berlin, Msalaba Mwekundu uliwapa wafanyakazi bustani mwanzoni mwa karne ya 20. Shirika la reli liliwapa watu wake ardhi kandokando ya njia za garimoshi. Na pembezoni mwa mji huo mkuu maelfu ya watu wasio na uwezo walijisetiri katika vibanda vya bustani kwa sababu ijara ya nyumba iliwashinda. Makundi hayo ya viunga Wajerumani huyaita koloni, na msomaji wa Kiswahili atalishangaa neno hilo, hasa akisikia kwamba katika mtaa mmoja wa Berlin, uitwao Mtaa wa Kiafrika kwa kuwa njia zake zilipewa majina ya nchi zilizotawaliwa na Wajerumani, palikuwa na bustani zilizoitwa Koloni la Kudumu la Togo, hata malalamiko yakasababisha neno koloni liondolewe katika jina. Katika mtaa huo huo njia iliyohusishwa na Karl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu, iligawanywa mwaka 2024 na kupewa majina mawili mapya, na moja kati ya hayo ni Maji Maji. Naliandika hili kwa kuwa wenye bustani wa pale hupita na majembe yao mbele ya kibao chenye jina la vita vya wakulima wa Matumbi na Ungoni, vita vilivyoanza mwaka 1905 kwa kung'olewa mimea ya pamba katika shamba ambalo watu walilazimishwa kulima pamoja bila kushauriwa na bila kufaidi. Ni pembeni ya habari yetu, lakini yapima tofauti iliyopo baina ya shamba la pamoja lenye ridhaa na shamba la pamoja lenye kiboko.

Vita vya 1914 vilipowafungia Wajerumani njia za bahari, na hasa katika majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917, viazi vilipoharibika na watu wakala tanipu waliyozoea kuwapa ng'ombe, kiunga kilikoma kuwa pumziko la jioni kikawa mpaka wa uhai. Wenye ardhi nao waliijua thamani hiyo, na wengine wakapandisha ijara kadiri njaa ilivyopanda. Ndipo Bunge la taifa lililokutana Weimar, siku ile ile ya tarehe 31 Julai 1919 lilipopitisha katiba mpya ya nchi, likapitisha pia sheria ya bustani ndogo, iliyozuia ijara ya kupindukia na kumkataza mwenye ardhi kumfukuza mpangaji apendavyo. Katika sahifa za historia kubwa katiba ile huandikwa kwa wino mzito na sheria hii haiandikwi kabisa. Lakini mjane aliyekuwa na matuta sita ya viazi, sidhani kama alikuwa na shaka ni ipi iliyomfikia kwanza. Miaka miwili baadaye, 1921, vyama kutoka pande zote vikakutana Bremen vikaunda umoja wao wa taifa.

Umoja huo ulitekwa mwaka 1933, Wanazi walipovilazimisha vyama vyote viingie chini ya chombo chao, wakawaondoa viongozi waliochaguliwa, na Wayahudi wakafukuzwa katika viunga walivyovitunza. Ni sura chungu katika tarikhi hii wala haifai kupitwa mbio, maana inaonyesha kwamba ugo na kanuni zaweza kutumiwa kumfungia nje jirani kama zinavyoweza kutumiwa kumhifadhi. Lakini ndani ya sura hiyo hiyo limo tendo ambalo mimi sijui jingine lililo kubwa kuliko hilo lililotendeka ndani ya kiunga. Kijana wa Kiyahudi, Hans Rosenthal, aliyezaliwa Berlin mwaka 1925, yatima ambaye mdogo wake alikwisha kuchukuliwa na kuuawa, alikimbilia mwezi Machi 1943 katika koloni la bustani liitwalo Dreieinigkeit, mtaa wa Lichtenberg, kwa mama mmoja aliyekuwa akimfahamu, Ida Jauch. Mama huyo alimficha katika sehemu ya nyuma ya kibanda chake, akagawana naye chakula cha mtu mmoja, kwa kuwa karatasi ya posho ya Rosenthal haikuwapo. Mwaka uliofuata mama Jauch akafariki. Na Maria Schönebeck, aliyekuwa na kiunga katika bustani zizo hizo, akamchukua, na Emma Harndt naye akamsaidia. Mtu aliyewahi kukaa katika bustani za namna hii anajua kwamba hakuna siri ndani yake: moshi wa kibanda cha mwenzio unauona, kikohozi chake unakisikia, na maji aliyochota ya watu wangapi unaweza kukadiria. Pale pale palipokuwa rahisi kuliko mahali popote mtu kusalitiwa, wanawake watatu walishika amana ya roho ya mtu kwa miaka miwili, hadi Aprili 1945 vita vilipofika ukingoni. Rosenthal akaishi, akawa mtangazaji wa redio na televisheni aliyependwa na taifa lile lile, akafariki mwaka 1987, na maisha yake yote hakuacha kuwataja wanawake wale.

Baada ya vita miji ilikuwa vifusi, na watu wasio na makao wakaishi vibandani kwa miaka. Kisha nchi ikagawanyika, na Leipzig ikawa upande wa mashariki, ambako watawala hapo kwanza waliziangalia bustani hizi kwa shaka, wakiona ugo wa kila mtu kuwa tabia ya kibepari, mpaka walipotambua kwamba maduka yao hayana matunda ya kutosha na kwamba viunga vinayo. Basi mwaka 1959 chama kimoja cha nchi nzima kikaundwa, kikapata wanachama zaidi ya 1,000,000, na serikali ikanunua mavuno yao kwa bei maalumu. Upande wa magharibi matata yalikuwa mengine. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Katiba iliamua kwamba masharti ya zamani yaliwabana wenye ardhi kupita kiasi, hivyo ikabidi sheria mpya itungwe, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 1983, na baada ya nchi kuungana mwaka 1990 ikafika hadi Leipzig.

Sheria hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa imebeba ndani yake yale mapatano ya wazazi wa 1870. Kiunga kisizidi mita za mraba 400. Kibanda kisizidi mita za mraba 24, pamoja na baraza lake lililoezekwa, wala kisiwe makao ya kudumu. Ijara isizidi mara nne ya ile inayotozwa mahali hapo kwa ardhi ya mkulima wa biashara ya matunda na mboga. Mazao yawe ya matumizi ya mlimaji mwenyewe, si ya kuuza. Na mahakama kuu, katika hukumu ya mwaka 2004, ilieleza kwamba kwa kawaida thuluthi moja ya eneo la bustani yapasa iwe ya matunda na mboga, ili asije mtu akafanya kiunga nyasi tupu na kiti cha kuotea jua. Lakini sharti lililonifanya nianze kuandika ni lile la mauti: mpangaji akifa, mkataba wake unakwisha mwishoni mwa mwezi unaofuata ule aliofia, na isipokuwa mke au mume aliyetia sahihi pamoja naye, hakuna mtoto awezaye kusema kiunga hiki ni urithi wangu. Kinarudi chamani, na chama kinampa aliyengoja.

Sharti hili litamgusa kwa namna ya pekee msomaji wa Kilimanjaro. Kwani mji huo huo wa Leipzig ndio uliokuwa makao ya misioni ya Kilutheri iliyofungua kituo Machame mwaka 1893, na mmoja wa wamisionari wake, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kukaa miaka mingi, aliandika mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, akaieleza Ulaya jinsi watu wa mlimani wanavyoshika ardhi. Kihamba cha Mchagga ni cha ukoo. Ndani yake mna migomba, kahawa na makaburi ya wazee, hupita kutoka baba hadi mwana, na kukiuza kwa mgeni bila ridhaa ya ukoo ni kama kuuza mifupa. Kiunga cha Leipzig ni kinyume chake, hakina kaburi wala mrithi. Hata hivyo maji ya kihamba hayana ukoo mmoja. Yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji, upitao katika vihamba vingi, na wote wanaounywea mfongo huo hupangiwa siku za kuuzibua na zamu za kufungulia, na mzee wa mfongo huwaadhibu watoro. Kwa hiyo Mchagga na mtu wa Leipzig wakikutana, katika habari ya urithi hawataelewana, ila katika habari ya zamu wataelewana mara moja, pasipo mkalimani.

Maana zamu ndiyo nguzo. Kila mwanachama, pamoja na kulima chake, hudaiwa saa kadhaa za kazi ya pamoja kila mwaka: kukata ugo wa nje, kutengeneza mabomba ya maji, kufagia njia, kupaka rangi nyumba ya mikutano; na asiyefika hulipa fedha. Mtu akitaka kuondoka, chama hutuma wakadiriaji, watu waliofunzwa kazi hiyo, ambao huhesabu miti yake, hupima kibanda chake, hutoa thamani kwa kufuata kanuni iliyoandikwa, na huyo ajaye humlipa aondokaye thamani hiyo, si zaidi. Ardhi haina bei, jasho lina bei. Mitufaha iliyopandwa ovyo, au miti ya msituni iliyozidi kimo, hulazimika kung'olewa na mwenye kuondoka, ili ajaye asirithi mzigo. Wako wazifanyiao kejeli kanuni hizi, wakisema kwamba Mjerumani hupima hata kimo cha ugo kwa kamba na hata saa ya kunyamaza mchana huiandika ukutani. Kweli ziko kamati zilizojaa ukali, na mtu mwema huweza kuteswa na jirani mwenye kushika daftari, siwatetei hao. Lakini aliyewahi kuona shamba la ushirika lililokufa kwa sababu kila mmoja alingoja mwenzake azibue mfereji hatacheka upesi.

Jambo moja lilibaki kujulikana, nalo ni kama desturi hii yaweza kushikwa na watu ambao hawakuzaliwa ndani yake. Jibu lilitoka Göttingen katika miaka ya 1990, ambako wanawake wakimbizi wa Bosnia, waliokuwa wakikutana kunywa chai na kungojea habari za kwao, walipoulizwa wanakosa kitu gani zaidi katika ugeni ule walijibu kwamba wanakosa bustani zao. Kutokana na jibu hilo, na kwa juhudi za Tassew Shimeles, mtaalamu wa kilimo mwenyeji wa Uhabeshi, zikaanzishwa mwaka 1996 bustani za kimataifa, ambamo jamaa za mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwamo, zililima kila moja kipande chake na kutunza pamoja yaliyo ya wote. Mfano huo ukaenea katika miji mingi. Watu walioitwa wahitaji, ambao kazi yao ilikuwa kupokea, wakawa na mboga ya kumpa jirani. Na heshima ya mwenye kutoa, mtu hapewi ofisini.

Mwaka ule ule wa 1996 ile nyumba ya mikutano ya Leipzig ilifunguliwa kuwa makumbusho ya bustani ndogo za Ujerumani. Mji huo sasa una viunga zaidi ya 30,000, na katika miji mikubwa kama Berlin watu hungoja miaka kadhaa kupata kimoja, ilhali wajenzi wa nyumba na barabara hawajaacha kuitamani ardhi yake. Chama kilichoanzishwa mwaka 1864 kingali hai, viunga vyake vingali vinalimwa kuzunguka uwanja wa watoto, na mwanachama mpya akikabidhiwa ufunguo wa lango hulipa kwanza thamani ya miti aliyoikuta, kisha huandikiwa saa zake za kazi ya pamoja.